Chupa Iliyokula Kila Siku ya Tatu

Dada yangu Umuhoza aliponiomba nikaweke bidoni, dumu lake la maji, chini ya mfereji wa bati, nilimjibu kwamba mimi si mtumishi wa chupa yake. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na sitayapamba.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na saba mwezi wa kwanza, 2025. Mabomu yalikuwa yanalia tangu alfajiri, na sisi watatu, mama, Umuhoza na mimi, tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye sakafu ya nyumba yetu ya mbao pale Majengo, Goma. Mvua ikaanza. Umuhoza aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kazi yake ilitaka maji ya mvua, maji mengine yote yaliiharibu, na akiba yake ilikuwa imekwisha. Mama alimkataza. Yeye alisema mfereji uko hatua kumi tu kutoka mlangoni. Akatoka, akaiweka bidoni, na bidoni ile ya njano ilisimama vizuri chini ya mfereji, ikajaa hadi ikamwagika. Haikupata hata tundu moja.

Dada yangu hakuzirudi zile hatua kumi.

Niseme sasa chupa hiyo ilikuwa nini, na kwa hilo sina budi nianze na sabuni.

Mama yetu, Pascasie, anapika sabuni. Baba alipokufa alimwachia watoto wawili na sufuria moja kubwa, na kwa sufuria hiyo ametusomesha: Umuhoza hadi chuo kikuu, mimi hadi mwaka wa nne wa sekondari, ambako niliacha kwa sababu niligombana na mkuu wa shule na sikutaka kuomba msamaha. Mama anapika mawese na soda kali juu ya mawe matatu meusi ya volkano, na hana kipimo. Anachovya kijiti, anakigusisha ulimini, anatema, anajua. Uji ukiiva anautupia chumvi viganja viwili, na papo hapo unakatika: sabuni inapanda juu, maji machafu yanashuka chini. Na ile sabuni iliyokataa kushika, inayobaki nyeupe na nyepesi kama maziwa, wapishi wa sabuni wa kwetu hawaimwagi. Wanairudisha motoni pamoja na uji mpya, wanaitia chumvi, inakubali. Nimeona mama akifanya hivyo tangu nikiwa natambaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba vipande hadi soko la Birere na kuviuza, na wachuuzi wa huko waliniita Dokta Sabuni, kwa sababu nilikuwa mkali kwa kila aliyeviita vya hali ya chini.

Umuhoza alisoma kemia. Katika mwaka wake wa tatu, mwalimu mmoja kijana aitwaye Murhula, mtu wa Bukavu ambaye wanafunzi walimwita Prof ingawa cheo hicho alikuwa bado hajakifikia, aliwaambia jambo lililomfanya arudi nyumbani bila kusikia njaa. Aliwaambia kwamba kuna wakati dunia hii ilikuwa na mawe, maji, moto na mvuke tu, kama volkano yetu ya Nyiragongo inavyoonekana kwa ndani, na hapakuwa na kitu chochote kilicho hai. Kisha kikawapo. Namna kilivyotokea, hakuna ajuaye. Wako watu katika nchi nyingi wanaojaribu kuipita tena njia ile kwa mikono yao wenyewe, ndani ya chupa, na baadhi yao wanaanza na ngozi. Kitu kisicho na ngozi hakina ndani wala nje, na kisicho na ndani hakiwezi kuwa na chake. Na ngozi ya kwanza, watu hao wanadhani, huenda ilikuwa ya mafuta. Mafuta ya aina fulani yakiwa majini, na soda isizidi hata yakawa sabuni kamili, wala isipungue hata yakaelea, yanajifunga yenyewe kuwa vifuko vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Umuhoza alituambia kwamba hapo alicheka darasani mbele ya wote. Watu wa nchi za mbali walikuwa wanatafuta kipimo ambacho mama yake alikuwa anakipata kwa ulimi.

Alianza mwezi wa tisa wa 2024. Alichota uji wa sabuni kutoka sufuriani kabla mama hajautia chumvi, akauyeyusha katika maji ya mvua hadi yakawa angavu, kisha akakamulia ndimu, tone baada ya tone, hadi yakageuka meupe. Maji ya ziwa hayakufaa, kwa kuwa Kivu ina chumvi zake za mawe. Alitia weupe ule katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya mayonezi, akaandika tarehe kwa kalamu. Na kila siku ya tatu aliilisha. Alivuta maji ya sabuni kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akayadondosha humo polepole, akaifunga chupa, akaipindua mara ishirini bila haraka, kama mtu anayebembeleza. Vile vifuko vilikuwa vinameza mafuta mapya, vinanenepa, vinarefuka kama uzi, na chupa ikipinduliwa vinakatika kuwa vifuko vingi vidogo. Navyo vilingojea siku ya tatu nyingine.

Jirani yetu Asha, mke wa dereva wa lori, ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, alikuja siku moja kuazima beseni, akaichungulia chupa kwa muda mrefu. Akauliza, "Mungu alitumia udongo, weye unatumia mawese?"

"Udongo wa Majengo ni mawe matupu, Mama Asha," Umuhoza akamjibu bila kuinua macho. "Ningefanyaje?"

Mama alicheka hadi akaketi chini. Sijamsikia tena akicheka vile.

Mara moja tu dada alinipeleka maabara, akaniweka mbele ya hadubini. Niliona duara nyingi zinazotetemeka, kila moja na ukingo wake mwembamba, na ndani ya duara kubwa nikaona ndogo. Moja ilikuwa imerefuka. Nilipokuwa naitazama ilipata vifundo kama shanga, kisha shanga zikaachana. Nilimwambia kwamba kitu kile kiko hai, na atakayebisha nitambishia.

"Haiko hai, Théo," alisema. "Ni ngozi tu. Inangojea mwenye kukaa ndani."

Huyo mwenye kukaa ndani, kitu kinachojiandika upya na kuwaachia watoto wake maandishi yake, alikusudia kumtafuta baadaye, maisha yake yote kama ingebidi. Lakini kwanza alitaka kufika mia moja. Murhula alikuwa amemwambia kwamba hajapata kusikia mtu aliyetumia sabuni ya mawese na ndimu akailisha chupa moja mara mia bila kuianzisha upya. Ikifika mia na vifuko viwe bado vinakula na kugawanyika, yeye mwenyewe ataviona kwa macho yake, ataviandika kwa jina la Umuhoza, na atayapeleka maandishi hayo kwa wale wa nchi za mbali. Daftari peke yake halitoshi, alisema. Ni lazima aone.

Jumamosi, siku mbili kabla hajafa, Umuhoza aliandika katika daftari namba arobaini na moja.

Jumanne mwili wake ulikuwa bado ndani, umefunikwa kitenge, na mama ameketi kando yake, mkono wake juu ya kitenge. Barabarani hapakupitika. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimeketi kitandani kwake, na chupa ilikuwa juu ya meza. Nilifungua daftari kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na amri moja, imepigiwa mistari miwili: Chumvi hapana. Nilipindua hadi mwisho. Chini ya arobaini na moja alikuwa amekwisha kuandika tarehe ya siku ile ile, Jumanne, na mbele yake nafasi tupu.

Nikatoka uwanjani, nikachota kikombe katika bidoni yake, nikayeyusha humo sabuni yake. Nikailisha chupa. Nikaipindua mara ishirini. Nikaandika arobaini na mbili kwa mwandiko wangu mbaya.

Mtu asiniambie nilifanya hivyo kwa kupenda elimu. Alikuwa ameniomba jambo moja nikamkatalia, basi tangu siku ile nikawa mtumishi wa chupa yake.

Tulimzika Alhamisi, kwa haraka, katika safu ya makaburi mapya ambayo wachimbaji wake hawakuwa na muda wa kuinua kichwa. Kwetu watu wakitoka kuzika hawaendi kila mtu njia yake. Wanarudi nyumbani kwa marehemu, mtu anasimama na maji, na kila mmoja ananawa mikono kabla ya kuketi. Ndiyo gukaraba. Ni hapo jamaa wanapoachiliana, na kifo kinapata mahali pa kusimama. Sisi tulirudi watu wawili, mama na mimi, na Asha wa tatu. Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka, watu walikuwa bado wamejifungia, na mama hakutaka tuiguse bidoni ile ya njano. Tuliingia ndani na udongo mikononi. Nakumbuka mama akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Jioni ile aliniuliza chupa iko wapi. Kabla sijajibu alisema hataki kuiona, hataki kusikia habari yake.

"Ile chupa imeninywea mutoto," alisema.

Nilimwambia hataiona tena. Na bidoni je? Bidoni aliiacha, mradi isiguswe, nami nikaisukuma chini ya kitanda changu. Chupa niliificha mahali pekee ambapo nilijua hatafungua: katika sanduku la nguo la Umuhoza, chini ya sketi zake, pamoja na daftari, bomba la sindano na kibakuli cha ile sabuni yake isiyo na chumvi.

Miezi sita. Mji ulishikwa na watawala wapya, benki zilifungwa, watu waliondoka na wengine walirudi, na mimi kila siku ya tatu, mama akiwa sokoni au kanisani, nilichota maji kidogo katika bidoni, nikafungua sanduku. Hamsini. Sitini. Nilikuwa naacha biashara Birere mchana kweupe na kukimbia nyumbani, hata wachuuzi wakasema Dokta Sabuni amepata mwanamke anayempokea kwa zamu. Niliwaacha waseme. Mlisho wa sabini na tatu ulinikuta na homa, nikalisha nikiwa nimepiga magoti. Weupe ule haukupungua, haukunuka, haukujitenga. Nikiishika chupa mbele ya dirisha niliona moshi mwepesi ukizunguka ndani yake, na nilizungumza nao. Sioni aibu kusema hivyo. Niliuambia habari za mji.

Kwa nini sikumwambia mama? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyolisha. Nilijiambia kwamba namwepusha maumivu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejipangia siku yangu. Nilijiona nimesimama mbele ya watu uwanjani kwetu, Murhula kando yangu na hadubini mezani, nami nasema: tazameni, kazi ya Umuhoza haikufa, mimi niliishika. Nilitaka mama asikie pamoja na wengine wote. Tena nilidhani kwamba yeye, ambaye hakumaliza shule ya msingi, hakuwahi kujua chupa ile ilikuwa nini hasa.

Murhula alikuwa Bukavu. Alikimbia Goma na hadubini ndani ya gunia la nguo, kwa hofu kwamba maabara ingebebwa yote, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Nilipompata kwa simu mwezi wa tano nikamwambia namba, alinitaka niirudie. Kisha akaniuliza mara tatu kama nina hakika sijawahi kuianzisha upya. Mara ya tatu nilimtukana. Akasema vema, atakuja na hadubini baada ya mia.

Mia ilitimia Jumatatu, tarehe ishirini na moja mwezi wa saba. Niliiandika kwa tarakimu kubwa. Alhamisi nikalisha ya mia na moja. Murhula alikuwa amekata tiketi ya boti ya Jumamosi.

Na mama, bila kujua lolote la hayo, alikuwa amechagua Jumapili yake. Miezi sita kamili. Alisema hawezi kuendelea kukaa na mkono mchafu, kwamba jamaa wa Rutshuru sasa wanaweza kufika, na kwamba tutafanya ile gukaraba ambayo Umuhoza alinyimwa. Sabuni ya siku hiyo ataipika mwenyewe. Niliona tarehe zikigusana, nikafurahi. Niliona ni kama dada mwenyewe ndiye aliyepanga.

Jumamosi asubuhi niliondoka kwenda bandarini. Mama alikuwa anawasha moto chini ya sufuria. Aliniuliza ninakwenda kumpokea nani, nikamwambia ni mgeni wa Umuhoza, atamwona. Boti ilichelewa. Nilisimama pale hadi saa nane mchana, na Murhula aliposhuka, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia gunia lake kama mtoto, nilimnyang'anya nikalibeba mwenyewe. Njiani alizungumza kwa haraka. Kama vifuko ni vizima, alisema, ana watu watatu wa kuwaandikia, na jina la Umuhoza litakuwa la kwanza juu ya ukurasa, lake la pili, na langu la tatu. Nilimwambia langu aliache, lakini moyoni niliona jinsi ambavyo lingeonekana.

Tulipoingia uwanjani, kitu cha kwanza nilichokiona ni chupa. Ilikuwa imepinduliwa juu ya ukuta wa mawe, imesuguliwa, inang'aa, na maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka mdomoni mwake.

Kando yake, katika kasha la mbao, sabuni ilikuwa bado ya moto.

Mama alimpokea Murhula kwa mikono miwili. Alimjua kwa maelezo ya Umuhoza, akamwita Prof, akamletea kiti. Na kwa kuwa mgeni alikuwa wa Umuhoza, akamsimulia ya asubuhi ile, taratibu, huku akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa ametaka picha ya mtoto wake ya kuweka mezani kesho. Akajipa nguvu, akafungua sanduku kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Akakuta chupa chini ya sketi. Alidhani Umuhoza mwenyewe ndiye aliyeiweka humo siku ile ya mabomu, ili isivunjike, na kwamba mimi sikuwahi kuipata.

"Ilikuwa inakula kila siku ya tatu," alimweleza Murhula, kama mama anavyomweleza mgeni tabia za mtoto. "Miezi sita, nani angeilisha? Nikasema ilikufa juma lile lile na yeye. Lakini sikuweza kuimwaga, Prof. Nikaona iingie katika sabuni yake, watu wamunawie nayo."

Nilikuwa nimesimama na gunia begani. Maneno yote niliyonayo, na ninayo mengi, na mengi yake ni makali, yalikuwa tayari mdomoni. Murhula hakunigusa. Alinitazama tu.

Mama naye akanitazama.

"Kitu kimoja kilinishangaza," alisema. "Nilifungua nikingojea harufu. Mafuta yaliyokaa miezi sita yananuka. Ile haikunuka." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Théo. Ilikuwa bado?"

Nimewahi kumkatalia mkuu wa shule, askari, na dada yangu. Hadi siku ile sikuwa nimewahi kumdanganya mtu kwa kumwonea huruma. Niliona ni dharau. Nilisema, "Hapana, mama. Ilikufa mwezi wa kwanza."

Akamgeukia Murhula, maana yeye ndiye msomi. Murhula alitazama mawe meusi ya uwanja. Akasema kwamba ndimu huzuia harufu kwa muda mrefu. Sikupata kumheshimu mtu wa chuo kikuu kama nilivyomheshimu wakati ule.

Mama aliitikia kwa kichwa polepole. Alisema heri, kwa sababu alipoishika chumvi mkono ulimkatalia kwanza, ndipo akaitupia. Siku ya kwanza kabisa, Umuhoza alipokuja na habari ya vifuko vya mafuta, yeye ndiye aliyemwambia kwamba chumvi inakata kila kitu cha mafuta, asiiweke hata karibu, na achote uji kabla. Umuhoza alikuwa akimletea daftari jioni na kumsomea. Walikuwa wanazungumza kuhusu chupa ile wakati mimi nipo Birere nauza. Ile amri ya ukurasa wa kwanza, iliyopigiwa mistari miwili, ambayo siku zote nilidhani ni ya mwalimu, ilikuwa ya mama.

Kwa hiyo ningemwambia neno moja tu, siku yoyote katika zile siku zote, angeilinda kuliko mimi.

Mama alipoingia ndani kutafuta vikombe, Murhula alikwenda ukutani akatafuta tone katika chupa na kwenye kifuniko. Mama yangu ni msafi. Hapakuwa na tone. Alikuja akaketi karibu nami, akaniambia kwa upole kwamba daftari atalichukua, kwamba anaamini kila mstari, lakini wale wengine hawataamini namba sitini za mwisho zilizoandikwa na mtu asiye na maabara. Halafu akasema kwamba vifuko vingine vinaweza kuanzishwa hata kesho. Saa moja inatosha. Vinajifunga vyenyewe, ndiyo maajabu yake. Havimhitaji mtu fulani.

Nilimwambia kwamba katika juma lile la mabomu watu walimfariji mama kwa kusema bado ana mtoto mmoja. Nikamwuliza kama yeye angemfariji hivyo. Aliweka daftari ndani ya gunia lake, juu ya hadubini ambayo hakuitoa, akalifunga.

Asubuhi ya Jumapili mama aliingia chumbani kwangu. Alisema ameamua: maji ya kunawa yatakuwa maji ya mvua ile, maana ndiyo ya mwisho aliyoyagusa Umuhoza. Akainama, akaivuta bidoni kutoka chini ya kitanda, akaiinua kwa mkono mmoja.

Mwanamke aliyebeba bidoni maisha yake yote hahitaji kufungua kifuniko. Bidoni ile ilijaa hadi ikamwagika, na yeye aliiona, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alisimama nayo ikining'inia mkononi mwake, nyepesi kwa theluthi nzima. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Sikuinua macho. Akatoka nayo.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Jamaa wa Rutshuru walifika kwa lori, watu wa kanisani walifika, na Asha alifika kabla ya wote, na beseni lake kubwa, akaliweka mwenyewe kwenye ngazi ya mlango. Wachuuzi wa Birere walikuja wakiwa wamevaa mashati safi na hakuna aliyeniita Dokta. Murhula alisimama nyuma kabisa, na gunia lake miguuni. Tulitoka kaburini, tulikopeleka maua, na msimamizi wa sala akasema maneno machache juu ya binti aliyependa kujua mambo yalikoanzia. Kisha mama akashika jagi la maji. Sabuni ilikuwa imekatwa vipande vidogo juu ya sahani, nyeupe, laini, bila doa. Hajapata kupika nzuri kama ile.

Mimi ndiye kaka, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza. Nilichukua kipande. Mama alinimiminia maji kidogo, nikaanza kunawa, nikihisi jinsi ilivyoteleza kati ya vidole.

Aliinama kidogo, kama mtu anayetaka kuona kama mikono imetakata.

"Ulilisha mara ngapi?" aliuliza, na sauti yake haikuvuka beseni.

Ningeweza kudanganya tena. Jana niliweza.

"Sitini, mama."

Hakunitazama uso. Alitazama mikono. Povu lilikuwa jingi, limenifunika hadi vifundo vya mikono, na juani kila kiputo chake kilikuwa na ukingo wake mwembamba. Mama aliinua jagi ili anisuuze, na mkono wake ukabaki hewani. Hakumwaga, wala mimi sikuondoa mikono. Na nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari hadi barabarani, wakingojea zamu yao.